Vichupa vya bibi vya siki na mafuta: kibati kimeandikwa KYAN, nani anajua?

BintiWaVuga

Assalaam alaykum wapenzi wa vyombo vya kale. Nna jambo linanikaa rohoni tangu bibi yetu alipofariki mwezi wa Rajabu, na nyumbani hakuna aliyebaki wa kunijibu.

Bibi kaacha kabati la vyombo, lile la milango ya vioo, na rafu ya juu kuna kitu ambacho sisi wajukuu hatukuruhusiwa hata kukinyooshea kidole. Ni kijisinia cha duara chenye miguu minne midogo. Katikati umesimama mti wa fedha wenye kishikio cha pete juu, na kuuzunguka huo mti kuna vikuku vitano vya kutilia vichupa. Vikuku vitano, vichupa vinne. Kikuku cha tano ni kitupu tangu nilipopata akili.

Viwili ni virefu, shibiri kasoro, vina midomo ya kumiminia na vizibo vya kioo. Cha tatu ni kifupi, nacho kizibo chake kimeganda, hakitoki kwa hali yoyote. Cha nne kina kifuniko cha fedha chenye matundu, cha kunyunyizia. Kioo chenyewe ni kizito mno kwa udogo wake, tumbo lote limechongwa vijipembe vya almasi na kitakoni pana nyota. Ukikishika juani asubuhi kinarusha rangi ukutani. Hicho kifupi kimevishwa mkufu mwembamba shingoni, na kwenye mkufu unaning'inia ubati wa fedha usiozidi ukucha wa kidole gumba. Umeandikwa KYAN.

Bibi alikuwa akitwambia Kyani ndiye mwenye navyo. Babu alikuwa mpishi katika nyumba moja ya Wazungu pale mtaa wa Vuga, Unguja, na walipofunga mizigo mwishoni mwa 1963 wakamwachia yeye. Basi kwetu jina lake ni "vichupa vya Bwana Kyani". Mara moja kwa mwaka, Idi ndogo, bibi akivitoa, akitia siki kwenye kirefu kimoja kwa ajili ya kachumbari, na alasiri hiyo hiyo akiimwaga, akiviosha kwa mkono wake na kuvirudisha. Hakuwahi kutwambia kwa nini siki isilale humo.

Sasa Idi inakaribia na nataka kuvitoa kama yeye. Mjomba wangu kakataa. Anasema hivi vilikuwa vyombo vya divai na si vya kuwekwa kwenye meza ya Waislamu, na kwamba bibi alikuwa hajui. Neno hilo limeniuma. Bibi alikuwa hajui kusoma herufi za Kizungu, lakini hakuwa mtu wa kutia mezani kitu asichokiamini.

Jengine, kuna mwenye duka la vitu vya kale, mtaa wa Gizenga, kanipa bei ya shilingi laki moja na nusu kwa vyote. Nilipoguna akasema basi niuzie ubati peke yake kwa elfu sitini. Kitu kidogo kama ukucha! Hapo ndipo nilipofunga kanga yangu nikaondoka navyo.

Na kuna fundi nilimpelekea miguu iondoshwe weusi, akaipiga msasa. Sasa mguu mmoja umetoka rangi ya manjano manjano, na kila nikiutazama napata huzuni. Kirefu kimoja nacho kina ukungu ndani hautoki kwa sabuni. Mwenye kujua chochote, hata kidogo, naomba.

---

MzeeWaBarza

Wa alaykum salaam mwanangu. Mungu amrehemu bibi yako na babu yako, kazi ya babu yako naijua kwa sababu ndiyo niliyoifanya mimi. Nimeandalia watu meza miaka 22, na chombo hicho nimekibeba kwa mikono miwili mara zisizo na hesabu. Kina jina la Kiingereza, kruweti, lakini sisi jikoni tulikiita "seti ya siki".

Kazi yake ni hii. Tangu karne ya 18 Waingereza walikuwa wakila majani mabichi na nyama baridi, na mpishi hakuvikoleza jikoni. Kila mtu alijikolezea kwenye sahani yake. Kwa hiyo katikati ya meza huwekwa hiyo seti, yenye kishikio ili ipitishwe kutoka mkono hadi mkono. Virefu viwili vyenye midomo ni vya mafuta ya zeituni na siki. Chenye matundu ni cha pilipili manga. Vifupi ni vya sosi kali, kwa sababu sosi kali hutiwa tone, haimiminwi.

Sasa hilo la Bwana Kyani nimelisoma mara mbili. Mwanangu, Kyani si mtu. KYAN ni pilipili. Ni pilipili kali nyekundu ya kusaga, ile inayoitwa kwa jina la Cayenne, mji wa Guyana ya Ufaransa kule Amerika ya Kusini. Mafundi wa zamani wa Uingereza waliliandika jina hilo kila mtu kwa sikio lake: wengine CAYENNE, wengine CAYON, na wengi KYAN. Vibati hivyo vilitundikwa shingoni kwa sababu sosi zote zina rangi moja, na mgeni asipojua ataitia pilipili akidhani ni sosi ya soya. Viko vinavyosema SOY, OIL, VINEGAR. Kiko na kinachosema CHILI VINEGAR, yaani pilipili zilizolowekwa kwenye siki. Pilipili ya siki hasa, kama inayokaa dirishani kwa mama yako.

Kwa hiyo babu yako alijua vizuri alichopewa, kwa kuwa mpishi ndiye anayekijaza. Jina lilipofika kwa bibi likawa limevaa kanzu.

Kuhusu divai, mwambie mjomba kwa adabu kwamba divai haikukaa humu. Divai ya mezani ilikuwa na jagi lake la kioo, pana, lenye kizibo kikubwa, na lilikaa kwenye meza ya pembeni. Jagi hilo nalo lilivishwa kibati, lakini ni kikubwa zaidi, kimeandikwa PORT au SHERRY au MADEIRA. Ukiona kimoja cha hivyo hapo mjomba ana hoja. Siki Mtume wetu (S.A.W.) aliisifu kuwa ni kitoweo kizuri, na chombo ulichokieleza ni cha siki. Hata kingekuwa kimeingia kingine, vyombo huoshwa vikatumika, lakini hilo amuulize sheikh wake aridhike.

Kizibo kilichoganda: usikiguse kwa koleo, wala usikimwagie maji ya moto. Kioo cha aina hiyo hakipendi joto la ghafla, kitalia mara moja na utakuwa umebaki na vipande viwili. Chukua mafuta ya kula, yapashe moto wa kuvumilika kwa kidole, tia tone moja tu kuzunguka pale kizibo kinapokutana na mdomo, kisha uache usiku kucha. Asubuhi shika kizibo kwa kitambaa, gonga polepole kwa mwiko wa mti, upande huu kisha upande wa pili, taratibu, kama unayemwamsha mtoto. Kisipotoka, tone jengine, usiku mwengine. Mimi kimoja nilikifanyia siku tisa.

Na kitakapotoka, tazama chini ya kizibo, halafu tazama mdomo wa kichupa. Utaona namba imekwaruzwa, ndogo, kama ya sindano. Kila kizibo kilisagwa kwa mkono ndani ya shingo yake kwa mchanga laini, hakikai sawasawa kwa mwenzake, kwa hiyo fundi alivitia namba visichanganyike wakati wa kuosha. Niandikie hizo namba. Zitakwambia jambo kuhusu kikuku chako kitupu.

---

MwalimuWaChake

Mzee shikamoo, na dada pole kwa msiba. Mimi nasomesha kemia hapa Chake Chake na nimefurahi na kustuka kwa pamoja, hasa pale uliposema bibi alikuwa akiimwaga siki alasiri.

Kioo kizito kuliko ukubwa wake, kinachorusha rangi juani, karibu hakika ni kristali ya risasi. Risasi ninayosema ni madini, siyo ya bunduki. Mwingereza George Ravenscroft alipewa hataza ya kioo cha namna hiyo mwaka 1674: ukichanganya oksidi ya risasi na mchanga unapata kioo laini kuchongeka, kinachopinda mwanga zaidi kuliko kioo cha kawaida. Ndiyo maana mafundi waliweza kukata vijipembe vya almasi. Katika kristali kamili, robo ya uzito wa kioo na hata theluthi huwa ni oksidi ya risasi. Yaani unapokishika, robo na zaidi ya uzito unaousikia mkononi ni hiyo oksidi ya risasi.

Kama unataka uhakika, pitisha ncha ya kidole kwenye vijipembe. Kioo kilichokatwa kwa gurudumu kina makali, kinakwaruza. Kilichofinyangwa kwenye kalibu kina kingo za mviringo kama sabuni iliyotumika, na utaona mstari wa kalibu ukishuka ubavuni. Wengine hugonga kwa ukucha wasikilize kama kinalia kengele, lakini kwa kichupa chenye shingo nyembamba mlio unajifungia ndani, kwa hiyo usihukumu kwa hilo.

Sasa ubaya wake. Asidi huitoa risasi kwenye kioo, na siki ni asidi. Siki ikipita humo kwa muda wa chakula inachukua kidogo sana. Ikilala wiki, inachukua nyingi zaidi, na kila siku inazidi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na mimba iliyo tumboni. Kwa hiyo vitumie kama bibi alivyovitumia: jaza wakati wa kupakua, baada ya chakula mwaga kilichobaki, osha, kausha. Usihifadhi humo siki, wala maji ya ndimu, wala ya ukwaju. Wajawazito na watoto watilie siki yao kutoka chupa ya kawaida ya dukani. Mafuta si hatari kiasi hicho, lakini nayo yasilale, yanachacha na kugandisha kizibo.

Sijui nani alimfundisha bibi. Nahisi ni babu, na babu naye alifundishwa na meza aliyoipikia. Lakini mtu aliyefanya jambo sahihi kwa miaka sitini mimi simwiti asiyejua.

Ukungu: maji yetu ya visiwani yanatoka kwenye mawe ya chokaa, ndiyo yale yanayoacha ganda jeupe kwenye birika. Kama ukungu ni ganda hilo, siki nyeupe yenye vuguvugu, saa mbili tatu, italitoa, kisha suuza vizuri mara nyingi na hiyo siki uimwage. Kama ndani mna mafuta yaliyoganda pembeni, tia maji ya sabuni na kiganja cha mchele mbichi, zungusha. Mchele, si mchanga! Mchanga utachora. Na kama baada ya yote ukungu umebaki, basi ni kioo chenyewe kimeliwa na unyevu. Hapo hakuna dawa ya nyumbani, kipende hivyo hivyo.

---

SonaraMkunazini

Mimi nazungumzia fedha tu, kioo nawaachia wenyewe.

Dada, msasa ulikuwa kosa, na fundi yeyote wa fedha alitakiwa kulijua hilo kabla ya kuinua mkono. Huo umanjano uliotokea si kutu. Ni madini ya chini. Kijisinia chako ni cha kuchovya: mwili ni mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, ambao una weupe wenye umanjano, na juu yake umepakwa utando wa fedha kwa umeme. Kampuni ya Elkington ya Birmingham ndiyo iliyochukua hataza ya kuchovya kwa umeme mwaka 1840, kwa hiyo chombo cha aina hii hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo. Kama ungeona wekundu badala ya manjano, ningekwambia subiri, maana kabla ya umeme kulikuwa na mtindo wa Sheffield, ulioanza miaka ya 1740, wa kubandika bamba la fedha juu ya bamba la shaba nyekundu. Hicho ni kitu kingine kabisa.

Pindua kijisinia. Nadhani utakuta herufi E, P, N, S, kila moja kwenye kijumba chake, kifupi cha Kiingereza cha hiyo nikeli iliyochovywa fedha kwa umeme. Vijumba hivyo vimewekwa kwa ujanja, vinafanana kwa mbali na mhuri wa fedha halisi, na watu wengi wamedanganyika.

Ila ubati wa KYAN ndio unaonitia hamu. Mtu wa duka hatoi elfu sitini kwa ubati wa kuchovya. Utazame nyuma kwa lenzi, hata ya fundi saa. Fedha halisi ya Uingereza, sehemu 925 katika 1000, hupigwa mhuri wa simba anayetembea, mguu mmoja wa mbele juu. Pembeni yake huwa alama ya mji: nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London, taji ilikuwa Sheffield. Halafu herufi ya mwaka. Kama simba yupo, huo ubati ni mkubwa wa seti kwa thamani ingawa ni mdogo kwa kimo.

Usafishaji. Hapa kwetu tumezoea ukwaju na majivu, na kwa sinia la shaba sina ugomvi. Kwa fedha ya kuchovya usithubutu, majivu yatakula utando ndani ya Idi tatu nne. Chaki laini iliyosagwa kama poda, maji kidogo, kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi. Sugua kwa urefu, si kwa duara, na acha weusi kidogo kwenye mapambo, unaonyesha michoro. Mguu wenye umanjano uache. Kuchovya upya naweza kukufanyia, lakini kitang'aa kama kimetoka dukani leo na miguu haitafanana na umri wa mti wake. Mimi ningekuwa wewe nisingefanya, na hilo ni neno la mtu anayekosa kazi kwa kulisema.

Chumvi usitie kwenye kile cha matundu. Chumvi hula fedha, na hewa yetu ya bahari ina chumvi ya kutosha. Pilipili manga tu.

---

MwanaShangani

Naongeza dogo kuhusu divai, kwa sababu mimi nimetumikia altareni kwenye kanisa la Minara Miwili tangu udogo wangu.

Viko kweli vichupa vya divai vinavyofanana na hivyo, na pengine mjomba aliwahi kuviona akavichanganya. Vya kanisani ni viwili tu, daima viwili, vinakaa kwenye kisahani, bila mti wala kishikio cha kupitishana. Kimoja cha divai, kimoja cha maji. Vingi huwa na herufi V na A, kwa Kilatini vinum na aqua, au shanga nyekundu kwenye kifuniko cha divai ili mtumishi asikosee. Vingine vina michoro ya zabibu. Chenye vikuku vitano na cha pilipili juu yake hakikutoka kanisani.

Na kwa Wagoa wa mtaani kwetu, seti kama hiyo ilikuwa na siki ya tembo la mnazi. Marehemu mama alikuwa akiipika mwenyewe: tembo linaachwa kwenye mtungi mpaka lipinduke, wiki kadhaa, mpaka likuume ulimi. Yetu ilikuwa ya vichupa viwili tu, ya kioo cha kalibu, ina mstari ule ule aliosema mwalimu. Nimeusoma ujumbe huu nikaenda kuugusa.

---

BintiWaVuga

Nimerudi. Sijui nianze kuwashukuru wapi. Mzee shikamoo, Mwalimu, fundi Sonara, MwanaShangani, nyote Mungu awalipe.

Kizibo kimetoka usiku wa nne. Nilifanya kama alivyoelekeza Mzee, tone la mafuta kila baada ya tarawehe, mwiko asubuhi baada ya alfajiri nyumba ikiwa kimya. Siku ya nne niligonga mara ya pili nikasikia "tk", sauti ndogo kama kucha, na kizibo kikazunguka mkononi. Nilikaa chini. Ndani kitakoni mna tope kavu la rangi ya kahawia, limeshika kwenye nyota. Harufu haina tena. Lakini nilijua ninachokitazama: ni pilipili, na wa mwisho kuitia pengine alikuwa babu.

Namba zipo! Nilizitafuta kwa tochi ya simu, ubavu wa kizibo chini kabisa na ndani ya mdomo. Kirefu cha kwanza: 1 na 1. Kifupi cha KYAN: 3 na 3. Kirefu cha pili, kile cha ukungu, shingo yake ni 2, lakini kizibo chake ni 4. Ndiyo maana siku zote kilikuwa kinazama na kucheza, nami nikidhani ni uzee. Kwa hiyo kikuku kitupu kilikuwa cha kichupa namba 4, na kizibo chake ndicho kilichobaki.

Nikampigia shangazi yangu Wete, mtoto wa kwanza wa bibi. Kwanza alisema hakumbuki. Baada ya futari akanipigia mwenyewe, sauti imebadilika. Anasema kulikuwa na kifupi chengine, kilivunjika mwaka alioolewa, vyombo vilipokuwa vinaoshwa kwa ajili ya walima. Aliyekivunja ni yeye. Bibi hakumgombeza, aliokota kizibo kwenye vigae akakifunga kwenye ncha ya kanga, na kirefu ambacho kizibo chake kilikuwa kimeshapotea siku nyingi akakivisha hicho. Shangazi amekaa na hilo miaka yote hii akidhani sisi hatujui kwamba kikuku ni kitupu kwa sababu yake. Nimemwambia sisi tulidhani kilikuja hivyo.

Chini ya kijisinia ni E P N S, kila moja kwenye kijumba chake, kama fundi alivyosema bila ya kukiona. Na nyuma ya ubati, kwa lenzi ya jirani yetu fundi saa, yuko simba, mguu juu, na ubavuni mwake nanga. Birmingham. Iko na herufi lakini imesugulika, sikuitambua. Mwenye duka alinipigia tena jana akapandisha mpaka elfu tisini kwa ubati. Nimemwambia hauuzwi, wala seti haiuzwi.

Ukungu ulikuwa ganda la chokaa kwa sehemu kubwa. Umebaki mwembamba karibu na bega, nimeuacha. Mguu wa manjano pia nimeuacha.

Mjomba nilimpelekea kila kitu kwenye simu, sikusema neno. Alisoma, akakaa kimya kitambo, kisha akauliza, "Kwa hiyo Kyani ni pilipili?" Nikamwambia ndiyo mjomba. Akasema bibi angefurahi sana kujua, na akaniomba nimsamehe lile neno. Idi atakuja kula kwetu. Siki itakuwa kwenye namba 1 kwa kachumbari, na namba 3 nitaitia pilipili ya siki ya mama, saa saba mchana, ubati ukiwa shingoni. Alasiri namwaga. Mke wa kaka yangu ana mimba, yeye nimemwekea chupa yake ya dukani pembeni, nimeshamweleza kwa nini.

Limebaki moja. Kizibo namba 2 kilipotea kabla ya shangazi kuolewa, na Mzee keshasema kilisagwa kwa shingo yake, chengine hakitakaa. Kama babu au bibi yako naye alifanya kazi katika nyumba za Vuga miaka hiyo, tafadhali tazama kwenye makopo ya vifungo, kwenye visanduku vya uzi, kwenye droo za kabati. Ni kizibo cha kioo, kichwa chake kimechongwa pembe nane, urefu kama kidole cha shahada nusu, na ubavuni chini kabisa kimekwaruzwa 2. Niandikie hapa hapa, hata ikiwa baada ya mwaka.